Kutoka Teruel hadi bahari ya Valencia kwa baiskeli ya changarawe: panga kwa saa, si kwa kilomita

Wengi huipanga safari hii kwa kilomita, na hapo ndipo inapoharibikia. Unafungua ramani, unagawa kilomita 360 kwa siku sita, unapata sitini kwa siku, unajiambia hizo ni chache. Kisha unaingia kijijini saa 8:20 mchana: duka limefungwa dakika ishirini zilizopita na halifunguliwi hadi saa 11 jioni, baa ya pekee hupumzika Jumatatu na leo ni Jumatatu, chupa zimebaki na mafunda mawili, na kijiji kinachofuata kiko kilomita 20 mbele, nyingi kati ya hizo za kupanda. Miguu haina kosa. Kilichokosewa ni saa.

Mkoa wa Teruel uko mashariki mwa Hispania, ndani ya jimbo la Aragón, na una watu kama 9 tu kwa kila kilomita ya mraba. Upungufu huo ndio utamu wa safari: barabara za msituni ambako unaweza kukaa saa mbili bila kuona gari. Ndio pia unaofanya kila kosa dogo liwe na bei.

Njia yenyewe inaanzia mji wa Teruel, mita 900 na kitu juu ya usawa wa bahari. Inapanda magharibi kupitia Albarracín hadi Montes Universales, milima inakochimbuka mito Tajo, Júcar na Guadalaviar. Kisha inageuka mashariki na kushuka bonde la Jiloca, inaingia kwenye tuta la reli ya zamani ya madini na kulifuata hadi upande wa Sagunto, pwani ya Mediterania. Siku tatu za kwanza ni mlima na msitu; tatu za mwisho ni njia laini, sehemu kubwa ikiwa ya kuteremka. Usiigeuze. Ukianza baharini utapanda kwa siku mbili, na utafika kwenye milima mikali ukiwa umekwisha.

Msimu

Kati ya Teruel, Calamocha na Molina de Aragón kuna eneo ambalo Wahispania hulitaja kama pembetatu ya baridi. Calamocha ilipimwa nyuzi 30 chini ya sifuri tarehe 17 Desemba 1963. Wewe huendi Desemba, lakini kijiji cha Griegos kiko mita 1,600, na asubuhi ya Mei hapo inaweza kukaribia sifuri hata kama jana yake mchana ulivaa fulana. Chukua glavu za vidole vyote, koti jepesi la kukinga upepo na soksi za ziada. Hizi ndizo nguo ambazo watu huziacha ili kupunguza gramu mia tatu.

Nyakati nzuri ni mbili: katikati ya Mei hadi mwisho wa Juni, na Septemba hadi katikati ya Oktoba. Julai na Agosti bondeni kuna joto la nyuzi 35 na mlimani kuna radi za alasiri. Kuna na moto. Agosti 2022 moto wa Bejís ulifika hadi kwenye reli ya Valencia na Zaragoza karibu na Caudiel, na abiria wa treni wakajeruhiwa. Hapo ni jirani kabisa na njia utakayopita siku ya tano. Wakati wa kiangazi angalia kiwango cha tahadhari ya moto kila asubuhi, na msitu ukifungwa, shika lami.

Anayetoka maeneo ya ikweta azingatie urefu wa siku. Mwisho wa Mei jua huchomoza kama saa 12:35 asubuhi na kuzama kama saa 3:20 usiku, kwa hiyo ukichelewa hakuna hofu ya giza. Mwisho wa Septemba linachomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 2 usiku. Ratiba iliyokaa vizuri Mei haitoshi Septemba.

Gia

Baiskeli nyingi za changarawe zinauzwa na gia za mashindano, si za mizigo. Sahani ya mbele ya meno 40 na gia kubwa ya nyuma ya meno 34 ndiyo inayotesa watu. Ukipiga pedali mizunguko 60 kwa dakika, mpangilio huo unakulazimisha kwenda zaidi ya kilomita 9 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, wewe na baiskeli na mizigo mkiwa kilo 95, kasi hiyo inadai kama wati 275 mfululizo. Wachache wanaziweza kwa zaidi ya dakika chache. Meno 30 mbele na 34 nyuma yanashusha kasi hadi kilomita 7 kwa saa, na nguvu hadi kama wati 205. Tofauti hiyo ndiyo tofauti ya kupanda ukiwa umekaa na kusukuma baiskeli kwa mkono.

Kanuni ni rahisi: gia kubwa ya nyuma iwe na meno mengi kuliko sahani ya mbele. Kama una sahani moja, weka meno 38 au 36 na nyuma kaseti (rundo la gia za nyuma) inayofika 46 au zaidi, lakini uliza fundi kwanza kama derelia yako, yaani ule mkono wa nyuma unaohamisha mnyororo, inaweza kubeba ukubwa huo. Usibadilishe siku moja kabla ya kuondoka. Kaseti mpya juu ya mnyororo uliochakaa inaweza kuruka meno kwenye mlima wa kwanza.

Matairi na mizigo

Upana wa milimita 45 ndio wa chini wa kustarehe. 50 ni bora kama fremu inaruhusu. Baada ya kufunga tairi, pima nafasi kati yake na fremu pande zote: milimita 6 zibaki. Chini ya hapo tope litakukamata, nitaeleza baadaye. Kwa uzito wa kilo 95 anza na upepo wa psi 32 mbele na 35 nyuma, kisha punguza psi moja moja mpaka mikono iache kutetemeka. Ukisikia rimu inagonga jiwe, umezidisha, rudisha mbili.

Mizigo isizidi kilo 8 hadi 10 kwa anayelala vyumbani. Vitu vizito, yaani vifaa, tyubu na chakula, vikae katikati ya fremu na chini. Nguo ziende nyuma ya kiti, na begi la usukani libebe vitu vyepesi tu, maana uzito wa mbele unafanya baiskeli ipepesuke kwenye kokoto. Keria yenye mifuko ya kando si dhambi, ila ina boliti nyingi, na boliti hulegea. Zipake gundi ya nyuzi za boliti kabla ya safari na uzikaze kila jioni. Boliti ya keria ikianguka msituni huioni tena, hivyo beba mbili za ziada pamoja na kamba za plastiki za kufungia kumi.

Kwenye mfuko wa vifaa weka: funguo za alen, kikata mnyororo na viungo viwili vya haraka vya mnyororo, sikio la derelia la ziada la fremu yako hasa (ni kile kipande kinachoishikilia derelia kwenye fremu; haya hayafanani, na maduka ya vijijini hayana), pedi za breki jozi mbili, tyubu mbili, pampu ya mkono, vijiti vya mpira vya kuzibia pancha, kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 8, na mafuta ya mnyororo. Pedi za chuma hudumu kuliko za resini kwenye vumbi na tope. Zikibaki unene wa milimita 1, badilisha usiku huo huo.

Tope

Hapa ndipo baiskeli nyingi zinapofia. Udongo unaozunguka mji wa Teruel na bonde la Jiloca una mfinyanzi mwingi. Ukiwa mkavu ni barabara nzuri kama zege. Mvua ya dakika ishirini inaugeuza kuwa kitu ambacho aliyewahi kukwama kwenye udongo mweusi wa mbuga kwetu atakitambua mara moja: kila mzunguko wa gurudumu unaongeza tabaka jingine, mawe na majani makavu yanajichanganya humo, mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Derelia huvunjika hivi. Tope na majani hujaa kwenye vile vigurudumu viwili vidogo vya derelia. Mnyororo hauwezi kupita tena kwa uhuru, lakini wewe bado unakanyaga kwa nguvu ya kupanda. Mnyororo unaivuta derelia kwa nyuma na juu, sikio linapinda, derelia inaingia kwenye spoki, na kwa sekunde moja unapoteza sikio, derelia na spoki tatu. Dalili ya kwanza ni sauti ya kusaga nyuma na pedali kuwa nzito ghafla. Ukiisikia, acha kukanyaga palepale. Usimalizie kona. Usijaribu gia nyingine.

Shuka, beba baiskeli hadi kwenye nyasi za pembeni, kwangua tope kwa kijiti kuanzia chini ya breki na nyuma ya mhimili wa pedali. Mwagia maji kidogo, glasi moja tu, kwenye vigurudumu vya derelia. Zungusha pedali kinyume kwa mkono mpaka mnyororo upite bila kukwama. Kisha tembea. Kusukuma baiskeli kwenye tope hilo nako kunajaza magurudumu, kwa hiyo pita kwenye nyasi au mawe, hata kama ni kuzunguka.

Bora zaidi ni kutofika hapo. Kama mvua imenyesha usiku, acha njia za mashamba uchukue lami ya kijiji hadi kijiji. Magari ni machache sana. Msituni juu, kwenye misonobari na mawe mekundu ya Rodeno, udongo ni wa kichanga na unakauka haraka, kwa hiyo mvua ya huko haikuzuii. Tofauti hii ya udongo ina thamani kuliko utabiri wowote wa hewa.

Pancha na miiba

Tumia matairi yasiyo na tyubu, na weka majimaji ya kuziba pancha mililita 70 kwa kila tairi, mapya, si yale ya mwaka jana yaliyokauka kuwa ngozi. Pancha ikitokea, usichomoe mwiba kwa haraka. Zungusha gurudumu tundu liwe chini ili majimaji yakusanyike hapo, subiri dakika moja. Likiendelea kupuliza, sukuma kijiti cha mpira ndani, acha kichwa chake kitokeze kidogo nje, ongeza upepo. Tundu likiwa kwenye ubavu wa tairi na kubwa kuliko milimita 5, vijiti havitashika. Inabidi tyubu, na kile kipande cha tairi kuukuu kiwekwe ndani kuzuia tyubu isivimbe kutokea tunduni.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamebakiwa na tyubu moja. Tairi lisilo na tyubu linaweza kuwa limekusanya miiba kumi bila wewe kujua, kwa sababu majimaji yaliziba kila tundu kimyakimya. Ncha zote hizo zimo ndani zinasubiri. Ukiweka tyubu bila kukagua, inatoboka kabla hujafika kona. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, mizunguko miwili, moja kila upande; kitambaa kitanasa mahali penye ncha, na vidole vyako vitabaki salama. Ng'oa kila mwiba, ndipo uweke tyubu.

Maji, maduka na nyama ya nguruwe

Beba uwezo wa lita 3, hata kama hujazi zote. Karibu kila kijiji kina chemchemi au bomba kwenye uwanja wake, lakini soma kibao. Agua potable ni ya kunywa. Agua no potable si ya kunywa. Agua no tratada ina maana haijatiwa dawa. Wenyeji huinywa, tumbo lako huenda lisikubaliane nayo, hivyo tumia vidonge vya kusafishia maji na usubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti. Chemchemi za msituni zilizoonyeshwa kwenye ramani zinaweza kuwa zimekauka mwezi wa Septemba. Usiiweke hata moja kwenye hesabu yako.

Mlangoni mwa duka saa huandikwa 9:00–14:00 na 17:00–20:00: yaani saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, kisha saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Jumapili nyingi hufungwa kutwa nzima, au hufunguliwa asubuhi tu. Jikoni za mikahawa huanza chakula cha mchana kama saa 7:30 na kufunga kama saa 9:30 alasiri. Cha usiku hakianzi kabla ya saa 2:30 au saa 3. Ukiomba chakula saa 12 jioni utapewa chipsi za pakiti. Kwa hiyo panga siku hivi: kahawa na mkate saa 1:30 asubuhi, baiskeli saa 2, sehemu ngumu kabla ya saa 6, kisha uwe kijijini chenye duka kabla ya saa 7:30. Hapo nunua chakula cha jioni na cha kesho asubuhi kwa pamoja. Kwenye changarawe yenye milima hesabu wastani wa kilomita 12 kwa saa za kupanda baiskeli. Kilomita 60 ni saa tano, na ukiongeza mapumziko, picha na mageti, ni saba.

Vijiji vingi vya Teruel vina kitu kinachoitwa multiservicio: duka, baa na wakati mwingine vyumba vya kulala, vyote katika jengo moja linaloungwa mkono na serikali ya mtaa ili kijiji kisife. Ndiyo ngome yako. Piga simu siku moja kabla, hata kwa Kihispania cha kubahatisha, uulize kama wamefungua: "¿Está abierto mañana?" Tembea na euro 80 hadi 100 taslimu za noti ndogo, kwani mashine za kutolea pesa hazipo kila kijiji.

Kwa wasiokula nguruwe, Teruel ni nchi ya jamón, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na inabidi uwe macho. Si nyama inayoonekana tu. Trucha, samaki wa mtoni, mara nyingi huletwa akiwa na kipande cha jamón tumboni. Migas, makombo ya mkate yaliyokaangwa, yana chorizo, soseji ya nguruwe, au mafuta ya nguruwe. Croquetas mara nyingi zina jamón. Biskuti na mikate mitamu iliyoandikwa manteca ina mafuta hayo hayo. Ukisema huli nyama, unaweza kuletewa mboga zilizonyunyiziwa vipande vya jamón, kwa sababu wengine hawaihesabu kuwa nyama. Sema wazi: "Sin cerdo, sin jamón, sin manteca." Vilivyo salama na vinavyopatikana karibu popote ni tortilla ya viazi na mayai (uliza kama haina chorizo), mkate wenye jodari, jibini, mayai, na dukani dengu za chupa zilizochemshwa, garbanzos cocidos, pamoja na dagaa wa kopo.

Ukiwa juu ya baiskeli kula gramu 40 hadi 60 za wanga kila saa, kuanzia saa ya kwanza. Tende ndogo kumi zinakaribia gramu 60, haziyeyuki juani na maduka makubwa ya Teruel na Valencia huuza. Mkate mrefu wa gramu 250 una kama gramu 130. Vitu hivi viwili vinatosha. Vile vipakiti vya jeli vya mashindano ni kupoteza pesa bure.

Siku zenyewe

Siku ya kwanza toka Teruel kupitia El Campillo na Bezas, kisha msitu wa Rodeno hadi Albarracín; karibu kilomita 48. Rodeno kuna miamba myekundu yenye michoro ya kale, ambayo ni sehemu ya urithi wa dunia tangu 1998. Usiharakishe hapo. Albarracín pana wageni wengi mwisho wa juma, weka chumba mapema.

Ya pili ndiyo ngumu: Royuela, Calomarde, Frías de Albarracín, kisha chanzo cha mto Tajo kwenye Fuente García, halafu Guadalaviar na Griegos. Kama kilomita 58, nyingi zikiwa juu ya mita 1,400. Mto unaoishia Lisbon baada ya kilomita elfu moja hapa ni unyevu tu kwenye nyasi, na mnara mkubwa uliowekwa kando yake unauzidi kwa mbali. Kati ya Frías na Guadalaviar hakuna duka wala baa, kwa hiyo ondoka Frías na chupa zilizojaa na mkate. Simu hupoteza mtandao mara kwa mara. Pakua ramani kabla. Programu ya Mapas de España ya taasisi ya jiografia ya nchi hiyo ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Nambari ya dharura ni 112, na hupita kwenye mtandao wowote uliopo hata kama wa kampuni yako haupo.

Guadalaviar kuna makumbusho ya wafugaji wa kuhamahama, ambao wakati wa baridi walishusha mifugo hadi Jaén kusini. Uliza saa za kufunguliwa unapopita.

Ya tatu ni Griegos hadi Orihuela del Tremedal na Bronchales, kisha mteremko mrefu kupitia Pozondón hadi Santa Eulalia del Campo. Kama kilomita 65. Baada ya Bronchales hakuna kivuli.

Kuanzia Santa Eulalia uko kwenye Vía Verde de Ojos Negros, yaani ile njia ya tuta la reli ya zamani ya madini. Reli hii ilianza kazi 1907 kubeba chuma kutoka machimbo ya Ojos Negros hadi bandari ya Sagunto, ikafungwa 1972. Ilijengwa sambamba na reli nyingine iliyokuwepo, kwa sababu kampuni ya madini haikuelewana na wenye reli hiyo. Ndiyo maana leo unapanda baiskeli huku treni ikipita pembeni yako. Mwinuko wake ni mdogo, kwani treni za madini haziwezi kupanda makali. Ya nne lala La Puebla de Valverde, baada ya kuvuka kilele cha Escandón, zaidi ya mita 1,200. Ya tano lala Navajas. Ya sita fika Sagunto. Sehemu ya Teruel ni ya udongo na changarawe, ya upande wa Valencia nyingi ni lami. Ndani ya mahandaki vua miwani ya jua na washa taa mbele na nyuma, usitegemee taa za ukutani. Punguza mwendo kwenye nguzo zinazozuia magari kila njia inapokatana na barabara. Mwenye mifuko ya kando hunasa hapo.

Kuna jambo moja la upepo. Alasiri ya siku za joto upepo hutoka baharini kuja bara, na wewe unashuka kuelekea baharini. Mteremko mzuri wa Barracas hadi Segorbe unaweza kugeuka kuwa kukanyaga kwa jasho. Ondoka mapema, uwe umeshuka kabla ya saa 7 mchana.

Mbwa, wawindaji, sheria

Kondoo wa milimani hulindwa na mbwa wakubwa wa aina ya mastín. Hufukuza kinachokimbia. Shuka, weka baiskeli kati yako na mbwa, ongea kwa sauti tulivu, tembea kuzunguka kundi kwa mbali. Ukikimbilia pedali umemwita.

Kibao chenye pembetatu mbili, nyeusi na nyeupe, kilichogawanywa kwa mshazari, ni alama ya eneo la uwindaji, hakikukatazi kupita. Kinachokukataza ni kibao cha siku hiyo kilichoandikwa batida, maana yake wapo watu wenye bunduki wanaofukuza nguruwe pori. Hutokea zaidi mwisho wa juma kuanzia Oktoba. Rudi, tafuta njia nyingine, na miezi hiyo vaa rangi ya chungwa. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge nyuma yako.

Helmeti ni lazima nje ya miji, na gizani taa pamoja na fulana ya kuakisi mwanga. Dereva anayekupita anatakiwa akuachie mita 1.5. Kupiga kambi popote unapotaka kuna vikwazo vya kisheria, na moto msituni usiuwashe hata wa chai. Vyumba vya hostal, yaani nyumba ndogo za wageni, ni vingi vya kutosha. Kwa kawaida euro 35 hadi 55, na ukisema una baiskeli, gereji au stoo hufunguliwa bila maneno.

Anayeomba viza ya Schengen kutoka Nairobi au Dar es Salaam anahitaji bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Soma masharti yake uone kama inagusa baiskeli nje ya lami, maana bima nyingi za bei rahisi haziigusi.

Kufika na kurudi

Teruel hufikiwa kwa treni ya Valencia na Zaragoza, yenye nafasi chache za baiskeli zinazohitaji kukatiwa mapema. Reli hii imekuwa ikifungwa kwa vipindi kwa ajili ya ukarabati, na treni ikibadilishwa na basi, baiskeli isiyo kwenye begi inaweza kukataliwa. Uliza kabla hujanunua tiketi ya ndege. Treni za kasi hupokea baiskeli iliyokunjwa au kufunguliwa na kufungwa kwenye begi lisilozidi sentimita 120 kwa 90 kwa 40.

Upande wa chini mambo ni mepesi. Caudiel, Jérica, Navajas na Segorbe zote zina vituo vya treni ya mkoa ya C-5 kwenda Valencia, lakini treni kwa siku ni chache, kwa hiyo piga picha ya ratiba. Sagunto treni ni nyingi. Mwenye nguvu bado anaweza kupanda baiskeli hadi Puçol na kufuata njia ya Vía Xurra, kilomita kama 15 katikati ya mashamba ya mboga hadi ndani ya mji wa Valencia.

Ukifika, osha baiskeli kabla ya kuifunga kwenye boksi: vumbi la Teruel likishikana na mafuta ya mnyororo hukauka kama saruji. Toa pedali, na ya kushoto inafunguliwa kwa kuzungusha upande wa saa. Punguza upepo, kata kipande cha kadibodi ukiweke kati ya pedi za breki ili zisifungane, fungua derelia uifunge ndani ya fremu, na pauabenki iingie nawe ndani ya ndege, isiachwe kwenye boksi.